Mgeni wa benki, chama cha darasa au hesabu za simu: uanze na ipi kuwafundisha wanafunzi mambo ya mkopo?

Kila mwaka Machi inapokaribia, pamoja na ile wiki ya kimataifa ya kuwafundisha vijana mambo ya pesa, walimu wenzangu hunipigia simu na swali moja: "Tuwaite watu wa benki, ama tufanye nini?" Nafundisha somo la Biashara katika shule ya kutwa upande wa Eastlands, si mbali na Jogoo Road, na Jumamosi jioni hukaa na vijana wa kanisa Kayole, wengi wao wakiwa vyuoni. Nimejaribu njia tatu: kumwalika mgeni kutoka benki, kuunda chama cha kuchanga na kupokezana pesa darasani, na kuweka mikopo ya simu ubaoni na kuipigia hesabu mstari kwa mstari. Zote zina faida yake, lakini hazimfai kila mwalimu wala kila darasa, na ukianza na isiyokufaa utapoteza muhula mzima.

Niseme msimamo wangu mapema. Kama una nafasi ya njia moja tu, chukua hesabu za simu. Mtoto wa Nairobi hafiki kidato cha tatu bila kuishi na deni. Amemwona mama akifuliza, yaani akikopa kwenye M-Pesa, nauli ya asubuhi. Ametumwa dukani akaambiwa, "Mwambie aandike." Amemsikia jirani akipigiwa na wadai mpaka akazima laini. Asichowahi kuona ni mtu mzima akikaa naye na kalamu, akamwonyesha deni hilo linauzwa bei gani.

Sisi tulilelewa na methali: kukopa harusi, kulipa matanga. Naipenda, na huwa naiandika ubaoni. Lakini methali hiyo humtia mtoto hofu na kumwacha hapo. Haimwambii tofauti ya mkopo uliomlipia dada yake karo ya chuo na mkopo ulioishia kwenye kubeti. Hofu hiyo hiyo ndiyo humfanya kijana aliyeshindwa kulipa azime simu na kujificha, badala ya kwenda kuongea na anayemdai.

Mgeni wa benki

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Mwalimu mkuu anaandika barua, benki inamtuma mtu, na kipindi cha dakika 40 kinakwisha bila shule kutoa hata shilingi. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia benki, kumwona ofisa akiongea naye kwa heshima kuna thamani kubwa. Wengine hufungua akaunti ya akiba wiki hiyo hiyo, mzazi akiweka sahihi.

Shida ni kwamba mgeni amekuja na hotuba yake, na hotuba hiyo ni ya akiba. Mambo ya deni huyagusa juu juu. Sio mtu mbaya. Ni mfanyakazi wa taasisi inayouza mikopo, na si rahisi asimame mbele ya watoto 50 awaambie ni lini wasikope. Wanafunzi nao humwonea haya. Mwaka mmoja niliuliza darasa wiki moja baadaye wanakumbuka nini. Walikumbuka kalamu walizopewa.

Mgeni hufaa akija baada ya darasa kusoma, akakuta maswali yameandikwa. Mara moja msichana wa kidato cha nne alimuuliza: "Nikishindwa kulipa, riba itapanda mpaka wapi?" Yule ofisa aliweka hotuba kando na kutueleza kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki: mkopo ukishaharibika, benki haiwezi kuendelea kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwa limebaki wakati huo. Nilikuwa nimefundisha Biashara miaka mingi bila kulitamka jambo hilo darasani. Swali moja la mtoto lilitupa kuliko hotuba tatu za miaka iliyopita.

Chama cha darasa

Chama nakijua tangu utotoni. Sanduku langu la bweni mama alilinunua kwa zamu yake. Kwa hiyo nilipoanzisha chama cha wanafunzi nilidhani nawafundisha akiba tu.

Tulianza wanafunzi 12, shilingi 50 kwa wiki, wiki 12. Kila Ijumaa mmoja anapokea 600. Majina tuliyatoa kwenye kofia ili asilalamike mtu. Mvulana aliyebahatika kupokea wa kwanza alilipa vizuri kwa wiki tano, kisha baba yake akahamishwa kazi na familia nzima ikaenda Nakuru. Alikuwa amechanga 250 na kupokea 600. Pengo la 350 likabaki, na kila aliyesubiri zamu angepata 550 badala ya 600.

Wengi walitaka nilipe mimi. Nilikataa kwanza, tukaketi na karatasi. Tuliandika kila mmoja amechanga ngapi na amepokea ngapi hadi wiki ile, na hapo ndipo msichana aliyekuwa wa mwisho kwenye orodha alisema: "Mwalimu, kumbe mimi nimekuwa nikimkopesha kila mtu." Darasa lilinyamaza. Ni kweli kabisa. Anayepokea wa kwanza amepewa 600 akiwa ametoa 50, kwa hiyo ana deni la 550 hata kama hakuna aliyelitaja neno mkopo. Anayepokea wa mwisho ndiye mwenye mali, na hatari yote iko begani kwake. Kila mzunguko wa chama una wakopaji mbele na wakopeshaji nyuma, na katikati kuna wale wanaohama polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Waliamua wenyewe kwamba hasara isiwaangukie saba waliobaki peke yao. Waliigawa kwa watu 11, karibu shilingi 32 kila mmoja. Kisha wakaandika katiba mpya: anayepokea katika wiki nne za kwanza awe na wadhamini wawili. Hakuna aliyewaambia kwamba Sacco, vile vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hufanya vivyo hivyo. Nilipowaeleza, walifurahi kama watu waliogundua kitu, na kweli walikuwa wamegundua.

Sijui somo linaloingia moyoni kama hilo. Lakini lina gharama ambazo mwalimu lazima azipime kabla. Pesa za watoto shuleni ni jukumu zito: bila idhini ya mwalimu mkuu na barua kwa wazazi, usianze. Kisanduku kikipotea, wewe ndiwe utakayeulizwa. Zaidi ya hayo, shilingi 50 kwa wiki ni chakula cha mchana cha mtu. Katika kikundi changu cha kwanza kulikuwa na mtoto aliyelipa kila Ijumaa na kushinda njaa kila Ijumaa, na nililijua jambo hilo muhula ukiwa umeisha. Bado linaniuma. Siku hizi mchango ni shilingi 20, na anayetaka kuwa mwandishi wa daftari bila kuchanga anakaribishwa na anajifunza yale yale.

Hesabu za simu

Wanafunzi wa shule za Kenya hawaruhusiwi kuwa na simu darasani, na hilo halikuzuii. Ujumbe wa mkopo una mistari michache, unauandika ubaoni. Na usimuulize mtoto nyumbani kwao wanadaiwa nini. Mimi nina familia ya ubaoni, ya mama anayeuza mboga na baba wa kazi za mjengo, na deni lote la somo ni lao. Watoto hulijadili kwa uhuru kwa sababu halina jina la mtu.

Ninaanza na Okoa Jahazi, ile huduma ya Safaricom ya kukopa salio la simu, kwa kuwa hakuna asiyeijua. Ukiomba salio la 100 unapata 90, na baadaye unalipa 100. Nauliza: riba ni asilimia ngapi? Darasa zima hujibu 10. Halafu nauliza: mkononi mwako ziliingia ngapi? Tisini. Umelipa 10 juu ya 90, yaani zaidi kidogo ya asilimia 11, na kwa siku chache tu. Dakika tano zimepita na tayari wamejifunza kuuliza swali ambalo watu wazima wengi hawaulizi: pesa zilizonifikia ni ngapi?

Kisha huja zoezi ambalo nisingeliacha hata kama ningepewa kipindi kimoja tu kwa mwaka. Naandika mikopo minne na namba zake: HELB ya serikali kwa wanafunzi wa vyuo, Hustler Fund ambao ni mfuko wa serikali wa mikopo ya simu, Sacco, na M-Shwari inayokopwa kupitia M-Pesa.

HELB, asilimia 4.
Hustler Fund, asilimia 8.
Sacco, asilimia 12.
M-Shwari, asilimia 7.5.

Nawaomba waipange kuanzia wa bei nafuu. Karibu kila darasa huiweka M-Shwari ya pili, na Sacco ya mwisho. Hapo naongeza neno moja kwenye kila mstari. HELB ni 4 kwa mwaka. Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, ni 8 kwa mwaka, ingawa mkopo wa mtu binafsi unalipwa ndani ya siku 14. Sacco nyingi hutoza 12 kwa mwaka, yaani 1 kwa mwezi, juu ya deni linalopungua. Ada ya M-Shwari ni 7.5 kwa siku 30, na ukichelewa mkopo husogezwa kwa siku nyingine 30 na ada inakuja tena.

Tunachukua shilingi 5,000 na kuipitisha kwenye kila mstari. Mwezi mmoja wa Sacco ni 50. Siku 14 za Hustler Fund ni kama 15. Siku 30 za M-Shwari ni 375, kabla ya ushuru wa serikali juu ya ada. Mtu akirudia mkopo huo kila mwezi mwaka mzima, ni 7.5 mara 12, asilimia 90. Nimeona wanafunzi wakirudia hesabu hiyo mara mbili wakidhani wamekosea.

Baada ya hapo mjadala huwa wao. Mmoja hukumbusha kwamba Sacco haikupi leo kama hujaweka akiba kwanza, na kwamba kiwango cha kawaida ni mara tatu ya akiba yako. Mwingine husema simu haiulizi wadhamini usiku wa manane mtoto akiugua. Wote wana haki. Upesi una bei, na kuna siku bei hiyo inastahili kulipwa. Hustler Fund nayo huzua ubishi wake: asilimia 5 ya mkopo huenda kwenye akiba yako, kwa hiyo aliyeomba 5,000 anapata 4,750 mkononi na bado anadaiwa 5,000 na riba. Hizo 250 ni zake, lakini sehemu kubwa imefungwa kwa uzeeni. Ni gharama au si gharama? Sijawahi kulimaliza swali hilo, na sitaki kulimaliza kwa niaba yao.

Kwa Fuliza, ile ya kukopa pale M-Pesa inapopungukiwa, natumia kipindi kizima. Neno lenyewe katika Kiswahili chetu ni kuendelea kufanya jambo bila kukoma, na tangu huduma hiyo ianze mwaka 2019 limekuwa kitenzi cha kukopa. Ina ada ya kuanzia ya asilimia 1, kisha ada ya kila siku kulingana na kiasi. Tangu 2022 deni lisilozidi shilingi 1,000 halitozwi ada ya kila siku kwa siku tatu za kwanza. Kwa nauli ya asubuhi inayolipwa jioni, hiyo ni nafuu kweli. Ila pesa yoyote inayoingia M-Pesa yako hulipa Fuliza kwanza. Familia ya ubaoni inadaiwa 900 za unga, mjomba anatuma 2,000 ya karo, zinabaki 1,100, na kati ya hizo chache zimeenda na ada. Karo haikukusudiwa kulipa unga. Wanafunzi huielewa mara moja, na wengine huinamisha vichwa.

Kwa vijana wa chuo pale Kayole naongeza mambo mawili. La kwanza ni programu za mikopo. Sheria ya mwisho wa 2021 na kanuni za 2022 ziliwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu: lazima wawe na leseni, na hawaruhusiwi kukutisha au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Kijana mmoja wetu alikuwa amevumilia mkopeshaji aliyempigia mpaka mwajiri wa dada yake, akiamini ni haki yao kwa sababu alibonyeza kukubali. Hakujua kwamba ana pa kulalamika. Zoezi lenyewe ni kuchukua programu moja na kuitafuta kwenye orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni, kisha kusoma inaomba ruhusa ya kuona nini kwenye simu.

La pili ni HELB. Ni mkopo wa bei nafuu, na unaanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Lakini ukinyamaza bila kulipa, faini ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Tunachukua deni la 180,000: riba ya asilimia 4 ni 7,200 kwa mwaka, faini za mwaka mzima ni 60,000. Vijana wengi hunyamaza kwa sababu hawajapata kazi na wanaona haya. Nawaambia waandike barua, waeleze hali yao, wafike ofisini Anniversary Towers. Na kila mmoja aombe ripoti yake ya CRB, yaani kumbukumbu za jinsi anavyolipa madeni, kwa sababu ana haki ya kupata moja bure kila mwaka kutoka kwa kila moja ya kampuni zile tatu zenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Ukiziweka bega kwa bega

Kwa muda, mgeni anachukua kipindi kimoja, hesabu zinahitaji vinne au vitano ili zikolee, chama kinameza muhula. Maandalizi ni kinyume chake kidogo: chama hukutaka kila Ijumaa lakini hakihitaji usome sana, ilhali hesabu za simu zinakudai usiku mmoja wa kuhakikisha kila kiwango kabla hujakiandika ubaoni, maana viwango hubadilishwa na mtoto atakwenda kukipima nyumbani.

Kwa hatari, mgeni hana. Hesabu zina hatari ya kumwaibisha mtoto ukiwa mzembe na mifano. Chama kina hatari ya pesa zenyewe.

Kinachobaki kichwani ndicho ninachokijali zaidi, na hapa sioni usawa. Aliyemsikiliza mgeni anabaki na nia ya kuweka akiba, na nia hiyo hupoa. Aliyekuwa kwenye chama anabaki na uelewa wa uaminifu na dhamana ambao hotuba haiwezi kumpa, ila anaweza kutoka pale bila kujua kusoma masharti ya mkopo hata mmoja. Aliyepiga hesabu anabaki na maswali matatu: zimenifikia ngapi, asilimia ni ya muda gani, na nikichelewa kinatokea nini? Nimekutana na wanafunzi wangu wa zamani Gikomba na Umoja ambao bado wanayataja kwa mpangilio huo.

Michezo ya ubao na video za mtandaoni nimezitumia pia. Zinachangamsha, lakini nyingi zinazungumzia kadi za mkopo za Marekani, na mtoto wa Maringo hajui nyumba yenye kadi hiyo.

Chagua kulingana na ulipo

Mwalimu mwenye kipindi kimoja cha dakika 40, fanya Okoa Jahazi na ile mikopo minne. Usijaribu kingine.

Mlezi wa klabu mwenye muhula mzima na idhini ya shule, anza na hesabu kwa wiki tatu, kisha fungua chama cha shilingi 20, ili siku mtu atakaposhindwa kulipa darasa liwe na lugha ya kulizungumzia. Chama bila hesabu kilinifanyia kazi kwa bahati. Msichana wa nambari ya mwisho angeweza kunyamaza.

Kiongozi wa vijana wa chuo, ruka chama, wengi wao tayari wana chao. Nenda moja kwa moja kwenye HELB, CRB na leseni za programu. Ukiwa na wiki ya ziada, wape tofauti ya riba ya deni zima na riba ya deni linalopungua: mkopo wa 12,000 kwa mwaka, asilimia 12, deni zima unalipa riba ya 1,440, deni linalopungua kwa 1,000 kila mwezi, 780. Ni asilimia ile ile kwenye tangazo.

Mzazi aliye nyumbani hahitaji darasa. Mtoto akiomba simu ya kulipia kidogo kidogo, nendeni pamoja Luthuli Avenue mkaulize bei ya taslimu, kisha mwachie kalamu azidishe malipo ya kila siku kwa idadi ya siku na kuongeza amana. Usiseme kitu mpaka amalize.

Na kama tayari umeshamwandikia mgeni barua, usiivunje. Sogeza tarehe yake wiki mbili mbele, fundisha hesabu kwanza, na umtumie maswali ya wanafunzi siku tatu kabla. Mimi humwomba aje na fomu halisi ya mkopo badala ya kalamu, nakala za kutosha ili kila dawati lipate moja, na tunaanzia ukurasa wa mwisho, pale palipoandikwa kwa herufi ndogo.